Sura ya Tisa: Ukuta wa Marehemu Evaristi

Nestory alipotamka neno "kubomoa", Stefania aliuona uso wa mama yake ukifungwa kama duka la mtu aliyepata msiba.

Hakutakiwa kulitamka neno lile. Siku hiyo hakuja kama fundi, alikuja kama mchumba. Mshenga wake, mzee Lazaro, alikuwa amekwisha kufikisha posa, na Mama Dominika alijibu kama wanavyojibu akina mama wenye akili: "Aje nimwone." Kumwona tu. Kijana avae shati safi, achuchumae, apige makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, atoe shikamoo yake, ale atakachopewa, aulizwe habari za kwao Kabwe, kule ziwani, kisha aage aondoke. Hakuna zaidi.

Na shati safi Nestory alivaa. Makofi alipiga, tena vizuri, hata Shangazi Coleta akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini macho ya fundi uashi hayana adabu. Tangu siku ya tetemeko lile, hakuwahi kuingia katika nyumba ya mtu bila kuzikagua pembe zake. Stefania, aliyekuwa analeta maji ya kunawa, alimwona anautazama ukuta wa nyuma ya kiti cha mama badala ya kumtazama mama mwenyewe. Akataka kumkonyeza aache. Akachelewa. Kijana akainuka, akapita pembeni ya kiti, akaweka kiganja chake ukutani, kama mganga anayepima homa ya mtoto.

"Mama," akasema kwa upole, "samahani sana. Nyumba hii itabidi tuibomoe."

Nyumba. Katika Kiswahili chetu neno ni hilo hilo moja. Matofali na bati ni nyumba, na ndoa na watoto na jina la marehemu ni nyumba pia. Mwambie mjane, siku ya posa, kwamba umekuja kubomoa nyumba yake, uone.

"Unasemaje, baba?" Mama Dominika aliuliza.

"Ukuta, mama. Huu na ule wa chumbani zimeachana. Ufa umeshuka mpaka chini."

"Aliyezijenga hakuniacha. Alikufa."

"Najua, mama, na pole. Nasema tu kwamba..."

"Marehemu mume wangu aliujenga huo ukuta kwa mikono yake, mimi nikimkandia udongo, nina mimba ya huyo hapo aliyeshika jagi. Tetemeko limekuja, limeangusha hata mnara wa kanisa, ukuta huu limeuacha. Sasa umekuja wewe na shati lako la pasi unataka kuumalizia?"

"Nimekuja kumposa Stefania, mama."

"Anayeposa hujenga. Wewe hujaonja hata ugali wangu, umeshaanza kubomoa."

Shangazi Coleta, dada wa marehemu Evaristi, alikohoa kile kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Mama Dominika hakugeuka.

"Nenda salama, baba. Kabwe si mbali, na samaki wenu wanakungoja."

Nestory akapiga tena makofi yake ya taratibu, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Alipofika kizingitini aliinua macho mara moja, yakakutana na ya Stefania. Jagi la maji lilimlemea binti mikononi kana kwamba limejaa mchanga.

Waliokuwapo Sumbawanga mwaka ule watakuambia: tetemeko lilikuja asubuhi, kabla ya mvua za kwanza, watu wengi wakiwa wamekwisha kutoka majumbani. Mungu ashukuriwe kwa saa ile aliyoichagua. Mtaa wa zamani wa Katandala, wenye nyumba za matofali ya kuchoma zilizojengwa na mababu kwa udongo mtupu bila saruji, ulilala chini nusu nzima. Kanisa la zamani lilibaki kuta na msalaba. Watu waliolia siku ile walilia kwa ajili ya nyumba, si kwa ajili ya maiti wengi, na hilo wanalikumbuka kwenye kila sala hadi leo.

Baada ya kilio wakaanza kujenga. Moshi wa matanuru ya matofali ukafunika upande wote wa Kasense. Walio na ng'ombe walisomba mchanga, wasio na ng'ombe walisomba kwa vichwa. Na mafundi wakaja kutoka kila upande, kutoka Mpanda, kutoka Mbeya, kutoka ziwani. Hapo ndipo akina mama wenye mabinti walipoacha kulala usingizi. Fundi wa msimu ni mtamu wa maneno. Anajenga choo chako, anakula kwako, anamwita mkeo "mama", kisha mvua zikianza amekwisha kupanda lori, na binti yako anatapika asubuhi. Hayo yalitokea, tena si kwa mmoja. Kwa hiyo tusimlaumu Mama Dominika mapema.

Lakini Nestory hakuwa na maneno matamu. Stefania alimjua kwenye uwanja wa kanisa, mahali ambapo wanawake walikaa makundi makundi wakikwangua udongo kwenye matofali ya zamani ili yatumike tena. Yeye alikuwa na kisu cha jikoni, anakwangua na kuimba. Nestory alikuja kuchukua matofali, akayagongagonga moja moja, akalitenga lile alilokuwa amelikwangua Stefania.

"Hili bovu, dada."

"Mbona zuri tu? Limenyooka."

"Lisikilize." Akaligonga tena. Lililia kama debe lililopasuka. Kisha akagonga jingine, likalia kama kengele. "Zuri la macho na zima la sikio ni vitu viwili."

"Na wanawake unawachagua hivyo hivyo? Kwa kugonga?"

Wanawake wakacheka mpaka wengine wakaangusha visu. Nestory aliona haya hadi masikioni, akachukua tofali bovu badala ya zima, akaondoka nalo. Tangu siku ile Stefania hakukosa zamu ya kukwangua.

Sasa, siku ya pili baada ya posa iliyoharibika, walikutana hapo hapo uwanjani, nyuma ya rundo la kokoto. Stefania alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa imelia kwanza nyumbani ndipo ikaja.

"Ungenyamaza tu, Nesto. Siku moja. Ungekula, ungeaga, halafu mambo ya ukuta yangekuja taratibu."

"Ningenyamaza, mnalala wapi?"

"Si tunalala siku zote?"

"Mnalala chini ya ukuta ambao haujui kwa nini umesimama." Alikuwa ameshika mwiko wake, anaufuta saruji kwa kidole gumba bila kuuangalia. "Stefania, mvua zimeanza. Udongo ule ukilowa, basi."

"Mama ameita fundi mwingine."

"Kufanya nini?"

"Kupiga lipu. Ufa wote umeshafunikwa. Ukuta unang'aa kama sahani. Yule fundi amesema nyumba ni nzima, amesema marehemu alikuwa mjenzi hodari. Mama kamchinjia jogoo."

Nestory alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Lipu haishiki ukuta. Ukuta ndio unaoishika lipu."

"Basi njoo uombe radhi. Nakuomba. Mwambie mama ulikosea, mwambie ukuta ni mzima. Mzee Lazaro amesema mama akikusikia ukisema hivyo, atalainika. Nimemjua mama yangu miaka yote, anataka aheshimiwe tu." Sauti yake ikashuka. "Au hunitaki tena?"

Nestory alimtazama. Stefania aliyapenda macho yale, na wakati ule aliyaogopa, kwa sababu hayakukwepa.

"Nakutaka hadi nashindwa kula," akasema. "Lakini nikimwambia mama yako ukuta ni mzima, nimekuoa kwa uongo, na uongo wenyewe umemwegemea kichwani kila akilala. Siwezi. Bora nikukose uko hai."

"Kwa hiyo umechagua."

"Mimi sijachagua kitu. Ukuta ndio uliochagua."

Stefania akageuka akaondoka, na njiani alilia hata bodaboda mmoja akapunguza mwendo akamuuliza kama amefiwa. Hakujua kulia kwake kulikuwa nusu uchungu, nusu kitu kingine ambacho alikuja kukielewa baadaye. Enyi mabinti, na huu ni ushauri wa bure: mwanamume anayeisifia nyumba yenye ufa ili apewe binti wa nyumba hiyo, mwogopeni. Akishakupata, nawe atakupiga lipu.

Jumamosi iliyofuata, mchana, ardhi ilitikisika tena. Kidogo tu, vile vitetemeko vidogo ambavyo watu walikwisha kuvizoea, vya kuchezesha vikombe kabatini na kunyamazisha kuku. Baada ya hapo wingu likasimama juu ya mji, likafunguka. Mvua ya Ufipa ikiamua kunyesha haibishi hodi.

Stefania na Shangazi Coleta walikuwa kwenye jiko la nje, wanachambua maharage. Waliposikia mtikisiko walikimbilia uani. Mama Dominika hakuonekana. Alikuwa chumbani kwake, ameketi kitandani na rozari mkononi, na nyuma yake lipu mpya ilikuwa imepasuka, pale pale ulipokuwa ule ufa wa kwanza, kana kwamba mtu ameuchora upya kwa kalamu. Mchirizi wa maji ya mvua ulianza kuingia kwa juu.

"Mama, toka," Stefania alisema akiwa mlangoni.

"Nitoke niende wapi na mvua hii?"

"Jikoni. Popote."

"Siachi kitanda changu kwa maneno ya mvuvi."

Shangazi Coleta alifika, kichwa amekifunika kwa ungo. "Wifi, huu ukuta wa kaka yangu mimi naujua. Hata mimi nilibeba matofali. Toka."

"Kama ni wa kaka yako, mbona unaukimbia?"

"Kwa sababu kaka yangu hayumo ukutani. Yuko makaburini kule Kasense, nilimzika kwa mkono wangu huu. Humo ndani kuna udongo tu."

Mama Dominika akasogeza punje ya rozari. Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hakuyaruhusu. Stefania alimwona vile, mdogo kwenye kitanda kile kikubwa alichokilalia peke yake miaka yote ile, akaelewa kwamba mama yake hakuwa akibishana na Nestory. Alikuwa anakataa kufiwa mara ya pili.

Akaingia, akakaa karibu naye kitandani.

"Wewe toka," mama alisema.

"Nitoke wewe uko humu?"

"Stefania, nimesema toka."

"Na mimi nimesema sitoki. Ni binti yako, nimerithi."

Coleta aliona sasa ni wawili badala ya mmoja. Hakupoteza muda. Akajitosa mvuani, na ule ungo kichwani, kuelekea kanisani. Uwanja haukuwa mbali. Haukupita muda Stefania akasikia miguu inachapa matope, na sauti anayoijua ikasema hodi mara moja, nje ya dirisha.

"Karibu mpaka barazani," mama alijibu. Hata kwenye hasira hakuweza kuacha hodi bila jibu. "Si zaidi ya hapo."

Nestory alikuja barazani, akapita sebuleni, akasimama nje ya mlango wa chumba. Maji yalimtiririka usoni. Alivua viatu, akaviweka pembeni kama mtu anayeingia kuswali.

"Mama Stefania," akasema, "shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Naomba utoke humo na mchumba wangu."

"Huna mchumba humu."

"Basi naingia mimi. Kama tutaangukiwa, tuangukiwe wote." Sauti yake haikupanda. "Ila nakuambia kabla sijaingia, ili usije ukasema nilikuvunjia heshima. Kama mimi si mkwe wako, mama, piga yowe. Majirani waje, wanipige, nitapigwa. Kama ni mkwe wako, unajua la kufanya."

Mvua ilizidi kuchapa bati.

Kwa wazee wa kule, mkwe mwanamume na chumba cha kulala cha mama mkwe ni vitu visivyokutana. Akitokea mkwe njia hii, mama hufunika kichwa akapita njia ile. Hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, na kitanda cha mama mkwe, mkwe haruhusiwi hata kukiona. Mwanamume baki akiingia humo, huyo ni mwizi au mhuni, unapiga yowe. Lakini mkwe akiingia, mama hapigi kelele. Mama anatoka. Hiyo ndiyo heshima yake na ndiyo heshima ya mkwe.

Nestory akavuka kizingiti, macho ameyainamisha sakafuni.

Stefania alikuwa amemshika mama yake mkono. Akausikia unachomoka. Akaona vidole vile vyenye sugu vinaitafuta kanga begani, vinaivuta juu, vinafunika kichwa, kisha uso. Mama Dominika akainuka, akageuza mgongo, akapita kwa pembeni kabisa kana kwamba kijana ni moto, akatoka sebuleni, akatoka barazani, akasimama katikati ya uwanja wa nyumba, mvua yote inammwagikia.

Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyemshika. Miguu yake ndiyo iliyojibu posa.

Nestory alimwinua Stefania kwa mkono, mara ya kwanza kuushika mkono ule mbele ya mtu, wakatoka mbio. Hapo nje Shangazi Coleta alikuwa amemsogelea wifi yake, anamtazama kwa karibu chini ya kanga.

"Wifi, umemkimbia nani?"

"Nimetoka kupunga upepo."

"Kwenye mvua?"

"Coleta, niache."

"Nakuacha. Nataka tu nijue, nikiulizwa na ukoo, niseme umemkimbia nani. Maana mimi nimeona mama mkwe amemkimbia mkwe. Labda macho yangu yana mtoto wa jicho."

Chini ya ile kanga iliyolowa mabega ya Mama Dominika yalianza kutetemeka, na Stefania akadhani analia. Aliposogea akakuta anacheka na kulia kwa pamoja, kama mvua inayonyesha jua likiwaka.

Ukuta haukuanguka siku ile. Mama Dominika hakuacha kulisema hilo usiku kucha kule Kasense kwa wifi yake walikokwenda kulala. "Si mmeona? Haukuanguka." Coleta akamwambia, "Ulitaka tukae chini yake na ugali tuungojee uanguke?" akageukia upande wa pili akalala.

Asubuhi jua lilitoka limeoshwa. Nestory alikuja na wenzake wawili na ngazi, wakaezua bati upande ule. Mama Dominika alikuja nyuma yao kuhakikisha hawamdharau marehemu. Alikaa juu ya kinu kilichogeuzwa, mgongo umeelekea kidogo kwa mkwe, jicho moja ukutani.

Nestory hakupiga nyundo hata mara moja. Alipanda, akashika tofali la juu kwa mkono mtupu, likatoka. Akashika la pili, likatoka. Yalitoka kama punje za hindi lililokauka. Mama Dominika akainuka polepole. Wale vijana walimwona anakuja wakasogea. Akafika ukutani, akanyoosha mkono, akashika tofali lililokuwa usawa wa kichwa cha kitanda chake, pale pale alipokuwa anaegemea mto kila siku. Akalivuta kwa vidole viwili. Likamfuata. Udongo uliokuwa nyuma yake ukamwagika kama unga wa ulezi.

Alisimama na lile tofali mkononi. Stefania aliona midomo ya mama yake inacheza.

"Umenishikia vya kutosha, baba Stefania," alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mke kwa mume, si ya mjane. "Ahsante. Sasa pumzika."

Kisha akaligonga lile tofali kwa kifundo cha kidole. Lilikuwa zima, likalia vizuri. Akamwangalia Stefania.

"Matofali yake mabovu?"

Stefania akamtazama Nestory. Nestory akatikisa kichwa kukataa. "Hakuna hata moja bovu, mama," akasema. "Alichoma vizuri kuliko sisi. Udongo ndio uliochoka. Tutayajenga haya haya, kwa saruji, na lenta, ule mkanda wa zege, juu ya kuta zote."

Mama Dominika aligeuza uso haraka kuelekea jiko la nje. Kanga ikapanda tena kichwani.

"Stefania," akasema, "mwambie huyo mtu sijamuuliza yeye."

Nestory alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuguswa. Stefania akauma mdomo asicheke. "Mama anasema hajakuuliza wewe."

"Mwambie mama nimesikia, anisamehe."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia, sina uziwi. Mwambie aje ale kwanza. Kuna ugali wa ulezi na maharage. Na mwambie watu wa ziwani wasituone sisi hatujui samaki, jioni aje na migebuka."

Wale vijana wa ngazi walikuwa wameshageuka, mabega yanawacheza. Stefania alimshukuru Mungu kimya kimya, kwa saa ile ya asubuhi ambayo tetemeko lilichagua, kwa mvua, kwa mama aliyekuwa hai na mwenye ulimi mkali, kwa mwanamume aliyekataa kumdanganya. Nestory alikuwa anamtazama, vumbi jekundu kwenye kope zake, na safari hii hakuna aliyewaambia waangalie pengine.

"Bado sijamaliza," Mama Dominika alisema, mgongo umewageukia. "Stefania, mwambie mkwe wangu chumba changu akikijenga, mlango auweke upande wa uani. Sitaki niwe mtu wa kukimbiakimbia ndani ya nyumba yangu kila mara anapokuja."